Kwa Fundi Venanti, Kuhusu Shangazi wa Mwisho

Fundi,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia. Lakini kwa miaka tisa nimeingia chumbani kwako Mtoni kwa neno hilo, na sijui namna nyingine ya kuanza mazungumzo na wewe.

Sikuandikii kwa upole. Kwa miezi saba nimekuwa na hasira na wewe, hasira ya kuamka nayo, ninayoikuta kichwani kabla sijapiga mswaki. Jumanne iliyopita nusu ya hasira hiyo ilinigeukia mimi mwenyewe. Nusu iliyobaki bado ni yako, na inatosha kujaza karatasi hizi.

Nikupe habari kwanza. Mkeo Mama Getruda hajambo, au anasema hajambo. Chumba chako cha kazi amekigeuza stoo ya mkaa na ndoo za ubuyu anaouza. Benchi lako la taipureta liko uani, wanalikalia watoto wa wapangaji, na ile jiliwa ya kubania vyuma uliyoifunga pembeni wanaizungusha wakicheza mpaka imelegea. Mimi bado nafundisha kompyuta kule Segerea, mashine kumi na mbili kwa wanafunzi sabini, na sita kati ya hizo ulizitengeneza wewe. Yule mzee wa nchi ya baridi, aliyeuandika mfumo wetu wa kompyuta, alituma pole ndefu. Akauliza kama naweza kumpelekea kazi yako ya mwisho aiweke mahali pa heshima. Nilikaa wiki mbili bila kumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba kazi yako ya mwisho iligawiwa pamoja na mashati?

Juzi mama yangu ameniuliza tena tulikuwa tunafanya nini mle chumbani miaka yote ile. Safari hii nilimweleza vizuri. Nikamwambia kuna mfumo wa kompyuta ambao wote wanaoutumia duniani wangeweza kukaa ukumbi mmoja wa harusi na viti vikabaki. Fundi aliupenda kwa sababu unaenda kwenye mashine ambazo maofisi yameshazitupa, na kwa sababu mtu mmoja anaweza kuusoma wote, mstari kwa mstari. Alikuwa fundi taipureta kabla hajawa fundi kompyuta, na hakuwahi kuamini chombo asichoweza kukifungua mpaka skrubu ya mwisho. Sasa mfumo huo ulikosa programu moja ambayo watu wa kazi hii hawaishi bila hiyo: ile inayotunza historia ya kazi, nani alibadilisha nini, lini, kwa sababu gani, ili mkiharibu muweze kurudi mlikotoka. Tulikuwa tunaihamishia huko.

Mama akasema, "Miaka miwili mnahamisha programu moja?"

Nikacheka, Fundi. Mara ya kwanza tangu msiba. Nilicheka kwa sababu nililisikia jibu lako kabla sijafungua mdomo: ukioa kwetu Masasi, unaoa na mashangazi. Programu kubwa ilikataa kuja peke yake. Ilimtaka kwanza shangazi wa kubana mafaili, huyo naye akamtaka mwenziwe wa kusoma herufi za kila lugha, na huyo naye hakai nyumba isiyo na shangazi fulani ambaye hata waliomwandika wameshamsahau. Kumi na wanne jumla. Uliwaandika kwa chaki nyuma ya mlango, na kila aliyekubali kufanya kazi ulimpigia mstari, ukaniambia nimwekee kiti. Wengine walituchukua siku mbili. Yule wa saba alitula miezi mitatu na nilimlilia machozi kabisa, mbele yako, ukajifanya unatafuta bisibisi.

Aliyebaki alikuwa shangazi wa mwisho, yule wa kuongea na kompyuta za nje kwa siri, apeleke kazi yetu na kupokea ya wenzetu. Bila yeye, historia yote tuliyoitunza ingebaki imejifungia humo humo chumbani.

Ilibaki humo humo chumbani.

Sasa tuje kwenye saa.

Mashine yako uliiwekea saa za Kiswahili. Asubuhi ambapo mashine za wenzako wote zinaandika saba, yako iliandika moja. Ulisema umechoka kuangalia kumi ukatamka nne, kana kwamba kila ukitaka kujua muda lazima uombe ruhusa kwa mtu. Ulisema pia siku haiwezi kuanza katikati ya giza watu wamelala. Kwako tarehe ilibadilika alfajiri, Mama Getruda akiwa anafagia uwanja, na ukiniuliza mimi ndivyo inavyopendeza. Mfumo wetu mdogo haujui habari za saa za nchi hii na nchi ile. Unaijua saa ile tu uliyoipa, na unaiamini kama mtoto anavyomwamini baba yake.

Kwa miaka jambo hilo lilinichekesha. Niliwasimulia wanafunzi wangu. Kisha likatugharimu wiki tatu. Tunarekebisha kosa, kosa linabaki. Tunalirekebisha tena, liko palepale. Wewe ukashuku shangazi wa kumi na mbili, mimi nikashuku kumbukumbu ya mashine, mpaka siku niliyoangalia saa za mafaili. Nilichoandika kwenye laptop yangu nyumbani kilifika kwako kikiwa na saa sita mbele, kimetoka muda ambao kwa mashine yako ulikuwa bado haujafika. Maskini ikachanganyikiwa, haijui kipi kipya kipi cha zamani, ikawa inaruka yale yale tuliyoyarekebisha.

Ningeweza kukwambia taratibu. Ningengoja Mama Getruda aweke sahani ya mihogo na atoke. Sikungoja.

"Fundi," nilisema, "yaani dunia nzima imekosea, wewe peke yako ndo umepatia?"

Ulivua miwani. Hukupandisha sauti, na ningependa ungepandisha.

"Mie sijamkosoa mtu," ulisema. "Mie niko kwangu."

"Basi baki kwako na saa yako."

Nikachukua mkoba. Mama Getruda alikuwa bado ameshika sahani, ananitazama kama mtu asiyenijua. Miaka tisa nimekula kwake, na nilipita mbele yake bila kuaga.

Wiki ya kwanza nilikuwa na haki. Wiki ya pili nilikuwa na haki lakini nimekonda. Alhamisi ya wiki ya tatu, saa tatu asubuhi, niko chumba cha walimu nasahihisha, ukaingia ujumbe wako. Bado ninao. *Imekubali. Shangazi wa mwisho kaingia. Njoo uone.*

Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate, kisha nikakumbuka kuwa nimenuna. Nikarudisha simu kwenye mkoba. Nilitaka uningoje kidogo. Niseme ukweli wote: nilitaka utume wa pili, wenye neno la radhi ndani yake. Mimi mtoto, nilikuwa nasubiri mzee aniombe radhi.

Ijumaa sikujibu. Jumamosi nilifua. Jumapili nilisema nitaenda kesho baada ya kazi. Jumatatu akapiga Mama Getruda, presha imekuangusha mlangoni, na alipofikia kunieleza umeangukia upande gani nilikuwa siwezi tena kumsikia.

Kwa nini hukuniambia habari ya presha, Fundi? Mashine yoyote ikipata joto unaigusa kwa kiganja, unaizima, unasema ipumzike. Ya kwako ulimficha nani? Hapo ndipo hasira yangu ya kwanza ilipo na sitaiomba msamaha.

Walikusafirisha Masasi. Mimi niliishia kuliangalia basi likishika Barabara ya Kilwa, maana shule ilikuwa na mitihani na mwanafunzi wa marehemu hapewi ruhusa ya msiba. Waliporudi tukaanua tanga pale Mtoni. Wazee wakakaa, vitu vyako vikatandazwa mkekani. Mashati kwa huyu, redio kwa yule, koti lako la harusi likamzunguka kila mtu likakosa wa kumtosha. Mashine ikaenda kwa mdogo wako Kasiani, kwa sababu alikuwa anafungua stationery kule Kinyerezi. Mzee mmoja akauliza kama kuna mwenye neno.

Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nimekaa na wanawake, mikono inanuka vitunguu, na neno liko hapa kooni: mniachie ninakili kilichomo ndani, ndipo mwende nayo. Lakini wangeniuliza mimi ni nani kwako. Msichana mzima, si ndugu, si jirani, aliyekuwa anashinda chumbani kwa mzee wa watu miaka tisa, nianze kueleza habari za mashangazi mbele ya mjane wako. Nikaogopa macho yao. Nikanyamaza, nikajiambia nitamfuata Kasiani pembeni.

Nilimpigia siku ya tatu. "Ah, ile? Tumeshaisafisha, sista," alisema. "Ilikuwa na madudu hata hayafunguki, tumefuta yote. Sahivi inaenda fresh."

Hasira ya pili ndiyo hiyo, nayo pia ni yako. Miaka miwili unahangaika kuleta programu ya kuzuia kazi za watu zisipotee, na kazi yako unaiweka sehemu moja tu, kwenye diski iliyotumika ofisini kwa watu kabla yako. Mzee wa nchi ya baridi alituomba tuipeleke hivyo hivyo ilivyo. Ulisema hatutoi kazi nusu. Haya, tumetoa nini?

Nilikuwa na nakala ya siku tuliyogombana, mashangazi kumi na watatu. Nikaitoa chini ya kitanda ile mashine uliyonipa nilipopata kazi, nikaiweka chumbani kwangu Segerea, nikaanza kumtafuta wa kumi na nne. Na ujue nilifanya nini kabla ya yote. Niliiwekea saa yako. Mimi niliyekutukana kwa ajili ya saa hiyo, niliirudisha nyuma saa sita, nikaiacha hivyo. Wengine huvaa nguo nyeusi. Laptop nikaifungia kabatini, kila kitu nikakiandika kwenye mashine ileile, ili lile tatizo la mafaili lisirudi. Nikaamini habari ya saa imekwisha.

Shangazi hakuingia. Anafika mlangoni, anaanza kusalimiana na hao wa nje, kisha mstari unakatika. Haelezi kwa nini. Miezi saba, Fundi. Nikasema Fundi aliweza, mashine ya aina ileile, mfumo uleule, kwa hiyo kuna kitu alikiona ambacho mimi sikioni. Nikaisoma programu ya shangazi yote, kila mstari, nikitafuta mahali ambapo mkono wako ungepita. Nilibadilisha namna ya kutengeneza funguo za siri. Nilibadilisha namna ya kugawa kumbukumbu. Kuna jioni niliongea na wewe kwa sauti, mwenye nyumba akagonga kuuliza kama nina mgeni. Nilianza kukuchukia kidogo kwa kuwa na akili kiasi hicho na kuondoka nayo.

Kinyerezi sikanyagi. Nilikuwa nazunguka njia ya mbali ili nisipite dukani kwa Kasiani. Lakini Jumanne mashine ya kudurufu ya shule iliharibika, na mkuu wa shule akanipa mitihani ya kidato cha pili akaniambia niende pale, ndipo karibu. Nikaenda nimenuna. Kasiani akanikaribisha vizuri tu, ana sura yako akicheka, na akanikalisha mbele ya mashine yako nirekebishe makosa mawili ya chapa kabla hajatoa nakala. Ameibandika stika za mpira kila mahali.

Niliangalia pembeni ya kioo chini, mahali pa saa, bila sababu, kama mtu anavyoangalia ukutani. Iliandika kumi na dakika kumi na nne. Nikaangalia simu yangu. Kumi na dakika kumi na nne.

Nikamuuliza Kasiani nani aliiweka sawa saa ya mashine hii.

"Hatujaigusa," alisema. "Na intaneti haina, ni ya kuchapia tu. Saa ndo kitu pekee tulichokikuta kiko sawa."

Wewe unajua, na mimi najua, kwamba kusafisha diski hakugusi saa. Saa inakaa kwenye betri yake yenyewe, na betri hiyo uliiweka mpya mwenyewe wakati wa Pasaka nikikumulikia tochi. Hakuna aliyeishika tangu mkono wako. Nilishika kaunta. Kasiani akaniuliza kama nimekula.

Nilirudi nyumbani na mitihani yenye makosa yake yote mawili. Nikaisogeza saa ya mashine yangu mbele, saa sita. Nikamwita shangazi. Akaingia mara ya kwanza, akasalimia, akapokelewa, kazi ikaenda na kurudi. Kumbe hao wa nje hawaongei na yeyote ambaye saa yake inapishana na zao zaidi ya dakika chache. Wanamdhania mwizi anayerudia maneno ya zamani, wanamkatia bila maelezo. Hakukuwa na akili ya ajabu. Hukuandika mstari hata mmoja. Ulichofanya ni kukubali.

Najaribu kukuona siku ile na nashindwa kuvumilia. Umekaa peke yako, mimi nimenuna Segerea, na unaisogeza saa uliyoitetea miaka yote, kutoka tatu kwenda tisa, labda kwanza kwa ajili yangu tu, ili nikija nisiwe na la kusema. Shangazi anaingia. Unachukua simu kuniambia. Na huandiki kuwa umebadili saa, kwa sababu ulitaka niione mwenyewe kwa macho yangu, uone uso wangu. Njoo uone. Nami kwa miezi saba nililinda ubishi ambao wewe ulishauacha, nikauita heshima, na ndio uliofunga mlango.

Programu yetu inaandika kila kitu, Fundi. Nani, nini, lini, kwa nini. Hilo haikuandika. Kusogeza saa si kazi ya programu, hakuachi alama popote.

Na lililo chungu zaidi nimeligundua Jumatano. Nimeandika mistari kumi na mmoja. Mistari kumi na mmoja tu, na sasa mfumo wetu unashika saa ya dunia moyoni na machoni unaonesha ya kwetu. Wa nje wanaipata kumi yao, wewe ungeipata nne yako, tarehe ingegeuka alfajiri Mama Getruda anafagia, na hakuna ambaye angeshindwa. Tungeimaliza siku ileile, kabla mihogo haijapoa. Kati yetu hakuna hata mmoja aliyeliwaza, maana kila mmoja alikuwa ameshughulika kumshinda mwenzake.

Nimempelekea mzee wa nchi ya baridi kazi yote, mashangazi kumi na wanne. Kwenye kumbukumbu ya yule shangazi wa mwisho nimeandika jina lako, siku ile ya Alhamisi, na penye sababu nimeandika kwa Kiswahili: *Fundi amerekebisha saa.* Ameuliza maana yake. Nimemwambia aache kama ilivyo.

Jumamosi nakuja Mtoni. Nilikukosea mbele ya Mama Getruda, kwa hiyo maneno yale nitayameza mbele yake. Nitaiweka mashine yangu juu ya benchi lako uani, nitawaomba watoto wanipishe, na saa nne asubuhi nitamwonesha kioo kimeandika nne. Nitamwambia hukuwa umemkosoa mtu. Ulikuwa kwako. Nakuahidi pia kwamba kila nitakachokifanya tangu leo kitakaa sehemu mbili, hata kikiwa nusu, hata kikiwa kibaya, na kwamba mzee yeyote akinitumia ujumbe nitaujibu kabla sijaamua kama nimenuna.

Pumzika, Fundi. Hasira nyingine nitabaki nayo, nimeizoea.

Ule ujumbe wako bado hauna jibu. Simu yako anayo Mama Getruda, hajabadilisha hata mlio. Jumamosi nikifika nitasimama kwanza nje ya mlango, niujibu, nilisikie jibu likiingia ndani ya nyumba. *Nimekuja kuona.*

Mwanafunzi wako,
Skola